Nilikivalisha Kitambaa Kipimo cha Hewa, Mama Yangu Akakosa Pumzi

Nina miaka arobaini na mbili. Nina cheti cha kidato cha nne nilichokitia kwenye fremu na kukifunika kitambaa. Na mwaka huu nimefanya ujinga ambao hata kuku wangu wasingeufanya. Halmashauri iliniletea kifaa cha kupima hewa, ikakifunga kwenye ukuta wa nyumba yangu ili kipime moshi uliokuwa unatumaliza. Mimi nikakifumia kitambaa, nikakivalisha!

Cheka, ndugu msomaji. Cheka sasa hivi, maana huko mbele hutapata nafasi...

Naishi Katindiuka, pembezoni mwa Ifakara, na mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo wanawake wa sokoni, wapo wa vikoba, wapo wa kwenda kwenye harusi za watu wasiowajua. Mimi ni wa sebuleni. Mume wangu, Baba Yusta, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa na hurudi mwisho wa mwezi. Binti yetu Yusta yuko shule ya bweni. Basi ninabaki na uzi wangu na sindano yangu, nafuma.

Makochi yangu yana vitambaa, migongoni na mikononi. Redio ina kitambaa. Friji ina kitambaa. Jagi la maji lina kofia yenye shanga. Rimoti ya televisheni iko ndani ya nailoni tangu siku iliponunuliwa. Baba Yusta husema anaogopa kusinzia kwenye kochi, asije akaamka amefumiwa.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kitu unachokipenda, unakifunika. Vumbi la huku kiangazi si la mchezo, na mwanamke ambaye redio yake iko uchi, wenzake humwonea huruma.

Mwaka jana nilimchukua mama yangu mzazi kutoka Malinyi. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Maisha yake yote aliinamia kuni, akapika, akakausha samaki kwa moshi, akatusomesha kwa samaki haohao. Dada yangu Agripina, anayeishi Kisawasawa chini ya milima ya Udzungwa, alitaka akakae kwake. Mimi nikang'ang'ania. Nikasema Ifakara kuna hospitali kubwa, Kisawasawa kuna nini zaidi ya upepo?

Zaidi ya upepo... Sikia mtu anavyojichimbia!

Mama alikuwa mtu wa maneno. Siku aliyofika alisimama katikati ya sebule yangu na kifurushi chake, akatazama pande zote, akasema, "Sasa mwanangu, mimi nikalie wapi ambapo hapajavaa nguo?" Tulicheka mpaka akapaliwa, na kule kupaliwa kukageuka kikohozi kilichochukua muda mrefu kutulia.

Nilimpa chumba cha uani, kile chenye dirisha kubwa, ili apate hewa. Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo, maana ukifungua dirisha lile, mbele yako kuna uwanja mdogo, kuna mfereji, na ng'ambo ya mfereji kuna tanuru la matofali la shemeji yangu Kastori, mdogo wake Baba Yusta.

Kwa msiojua huku kwetu, bonde hili ni la mpunga. Mashine za kukoboa zinafanya kazi msimu mzima na kutema pumba, na pumba hizo zinarundikana nyuma ya mashine kama vilima. Wachoma matofali wanazichukua. Unapanga matofali mabichi, unayafukia kwa pumba, unawasha. Pumba hazitoi ndimi za moto. Zinafuka tu, polepole, mchana na usiku, mpaka tofali liive. Na moshi wake ni mweupe, mzito, mvivu. Asubuhi kabla jua halijapanda unalala juu ya mtaa mzima kama shuka. Ukianika nguo nyeupe, unaanua kanga!

Watoto wa mtaa wakawa wanakohoa, wazee wanakohoa. Mama yangu ndiye aliyekohoa kuliko wote.

Aliyelianzisha ni Mama Zuhura, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza vitumbua, mwanamke ambaye Mungu alimnyima uwezo wa kunong'ona. Alikwenda ofisi ya mtendaji wa kata kulalamika. Kastori aliposikia akaja kumwuliza mbona yeye naye anachoma mkaa kila alfajiri. Mama Zuhura hakugeuza hata shingo. "Mkaa wangu unaivisha vitumbua," alimwambia, "tanuru lako linaivisha watu."

Malalamiko yakapanda hadi halmashauri. Haikuwa kata yetu pekee, kumbe mitaa mingi ilikuwa inalia moshi. Ndipo akaja afisa mazingira, dada mmoja kijana, mpole, kwenye pikipiki yenye matope hadi kwenye usukani. Alikuja na mwenyekiti wa mtaa. Wakaniamkia, nikawaitikia, nikakimbilia kutandika kitambaa kipya mezani.

Akaeleza kwamba halmashauri imepata vipimo vichache vya hewa. Havitoshi kila mtaa, hivyo vinafungwa kwenye nyumba zilizochaguliwa. Kinapima vumbi na moshi, kinatuma chenyewe matokeo ofisini kwa mtandao. Matokeo yakionyesha hewa ni mbaya, halmashauri itakuwa na ushahidi wa kuyahamisha matanuru mbali na makazi. Bila ushahidi, wenye matanuru wanakwenda kwa wakubwa kulalamika kwamba wanaonewa wivu.

Nyumba yangu ilichaguliwa kwa sababu mbili. Iko jirani na tanuru, na mimi sitoki. Mwenyekiti alisema hivyo mbele yangu, kwamba mama huyu hatoki, hata nyumba ikitoka yeye atabaki. Nikafurahi kama mtu aliyepewa cheo.

Kifaa chenyewe kilikuwa kisanduku cheupe, ukubwa wa kopo la maziwa, kina vitundu chini na kitaa kidogo mbele. Taa ya kijani, hewa nzuri. Njano, wastani. Nyekundu, hewa mbaya. Walikifunga ukutani uani, pembeni ya dirisha la mama. Dada wa mazingira alieleza mengi, chembechembe, vitundu, upepo uingie, pasizibwe... Alieleza, sitamsingizia. Lakini mimi nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu aliye kwenye misa ya Kilatini, huku macho yangu yakipima upana wa kile kisanduku. Nilichokibeba ni neno moja la mwisho, "Mama, tunakuomba ukitunze."

Nikitunze? Mimi? Alikuwa amempa fisi bucha!

Asubuhi ya kwanza taa ilikuwa nyekundu. Ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu kama pilipili. Mtu mwenye akili angefurahi. Angesema, sawa, kifaa kinaona tunachokiona, sasa serikali itajua. Mimi niliona aibu! Niliona kama kinasema nyumba yangu ni chafu. Wapita njia walichungulia uani kwangu, wakaona jicho jekundu linawaka ukutani, nikahisi wanasema, "Kumbe yule mama wa vitambaa kwake ndiko kubaya hivi?"

Halafu masizi. Kile kisanduku kizuri cheupe kilianza kuota weusi. Kila nikikipangusa, kesho yake kimerudi vilevile. Moyo ukaniuma. Nikatoa uzi mweupe niliokuwa nautunza kwa ajili ya sherehe ya Yusta, nikafuma. Nilifuma mchana kutwa nikiwa nimekaa na mama kwenye kibaraza cha uani. Nikatia maua manne pembeni, nikatia kamba ya kufungia chini, kama kofia ya mtoto mchanga.

Mama alikitazama nilivyokivalisha. "Na hicho nacho kinapumulia wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia hiyo ni mitambo, mama, haina pua. Akatikisa kichwa. "Ungenivalisha mimi hivyo usoni ungenizika kesho." Tukacheka tena. Ee Mungu wangu... tulikuwa tunacheka!

Taa ikabadilika, ikawa njano asubuhi, mchana mara kijani mara njano. Nikajisifu kimoyomoyo.

Shemeji Kastori alipita siku hiyohiyo. Hakuwa na desturi ya kuja kwangu, labda kwenye kipaimara na misiba. Alizunguka uani, akakiona kisanduku, akasimama. Alikitazama muda mrefu. Nilidhani anashangaa ufundi. Akasifu maua. Akasema, shemeji, hii kazi ya mikono yako ingeuzwa Dar. Kisha akasema uzi hauzuii vumbi la pumba, ni laini mno lile, linapenya. Na kitu cha serikali hicho, kikiharibika utaulizwa wewe, hataulizwa mwenyekiti.

Kesho yake alirudi na nailoni ngumu, ile inayokuja imefungia godoro jipya. Aliikata mwenyewe kwa kisu, akaizungushia kisanduku, juu mpaka chini, akakaza kwa mpira wa baiskeli. Kisha akanisaidia kurudishia kitambaa changu juu yake, kikakaa vizuri, nailoni haionekani. Mikono yake ilikuwa taratibu kama anamfunga mtoto nepi. Nilimkaangia mayai!

Tangu siku ile taa ikawa kijani, usiku kijani, mchana kijani, hata moshi ukiwa umelala mpaka humwoni mbuzi uani, kijani. Ilipenya kwenye matundu ya maua yangu ikapendeza kama taa ya Krismasi.

Siku moja nilivua kitambaa na nailoni ili nifue kitambaa. Nikakianika. Kugeuka, taa nyekundu! Unajua nilichofikiri? Nilifikiri kisanduku kimepata baridi... kimezoea kufunikwa, sasa nimekiharibu.  Kitambaa hakijakauka vizuri, nikakivalisha hivyohivyo chenye unyevu, na nailoni yake, nikakaza mpira. Baada ya muda ikarudi kijani, nikafanya ishara ya msalaba.

Huo ndio usomi wa kidato cha nne, ndugu zangu.

Ukaja mkutano wa mtaa. Watu walijaa, maana kila mtu alijua siku hiyo itasemwa matanuru yapi yanahama. Dada wa mazingira alisimama na karatasi zake. Akasema halmashauri itaanza na mitaa yenye vipimo vibaya zaidi. Akataja mtaa mmoja wa kule mjini, watu wakapiga makofi. Akataja mwingine. Alipofika kwetu akakunja uso kidogo, akasema kipimo cha mtaa huu kinaonyesha hewa ni safi, kwa hiyo tanuru la hapa litasubiri.

Mama Zuhura aliruka kama aliyekalia moto. "Hewa safi ya wapi? Ya kwenye friji?"

Watu walicheka. Dada akasema kwa upole kwamba naye anashangaa, lakini ofisi haiwezi kumhamisha mtu kwa macho, lazima iwe kwa kipimo. Akasema atakuja kukikagua akipata usafiri, maana pikipiki ni moja na kata ni nyingi.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mstari wa pili, nimekaa. Kuna kitu kilinigusa tumboni, kidogo tu, kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Nilikumbuka swali la mama, kinapumulia wapi. Ningeweza kunyoosha mkono. Ningesema, samahani, afisa, mimi nimekifunika, je, kuna ubaya? Swali dogo kama hilo! Lakini mbele ya watu wote wale? Wanicheke? Mama Zuhura anitangaze mpaka sokoni? Nikajiambia kama kungekuwa na ubaya, shemeji asingenisaidia. Yeye ni mtu wa tanuru, moshi anaujua.

Alijua. Alijua kuliko wote.

Jioni ile alituletea mchele mpya wa msimu, wenye harufu ile ya huku kwetu inayomfanya mtu ale bila mboga. Akasema ni shukrani kwa shemeji yake. Nikaupika. Mama akala, akasifu. Mama alikula mchele ule!

Kabla mwezi haujaisha Kastori alijenga tanuru la pili, karibu zaidi na mfereji, tena kubwa. Nani wa kumkataza? Hewa ilikuwa imepimwa.

Sasa hali ya mama ikaanza kuharibika. Mwanzo aliacha kutoka kwenda kibarazani. Kisha akaacha kula ameketi mkekani, akawa anakula ameegemea mito. Akipiga hatua kutoka kitandani hadi mlangoni anasimama kupumzika, ameshika ukuta. Maneno yake ya utani yakawa mafupi. Alikuwa akianza kunitania, pumzi inakatika katikati, anamalizia kwa mkono.

Nilimpeleka hospitali, wakamlaza, wakamwekea mvuke, akapata nafuu. Daktari aliniuliza kama nyumbani anakokaa kuna moshi. Alinitazama machoni akaniuliza! Nikamjibu kwa kiburi cha mtu mwenye ushahidi. Nikamwambia hapana, daktari, kwetu tuna kipimo cha serikali, taa ni kijani siku zote. Akasema basi vizuri. Akaandika dawa, akatuachia. Mimi mwenyewe nilimpakia mama kwenye bajaji kumrudisha kwenye moshi.

Agripina alipiga simu kutoka Kisawasawa. Alilia. Alisema niletee mama huku, hata kwa mwezi mmoja tu, huku upepo unashuka mlimani, atapumua. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hapa hewa imepimwa na wataalamu, huko kwako nani ameipima, nyani? Akakata simu. Ndugu msomaji, hilo la nyani huniamsha mpaka leo...

Jumapili moja nilikwenda misa ya kwanza. Kastori alikuwa amewasha matanuru yote mawili siku iliyotangulia. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Niliporudi, niliuona moshi umelala uani mzito, mweupe, umeingia mpaka jikoni. Nilimkuta mama ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili imeshika nondo za dirisha, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Alikuwa amefungua dirisha akitafuta hewa. Masikini mama yangu, alifungua dirisha!

Nikamkumbatia kwa nyuma, nikimwita. Aligeuza macho pembeni, kwenye kile kisanduku. Akakinyooshea kidole. Alisema neno mojamoja, "Kinasema... nini... leo?"

Nikatazama. Kupitia matundu ya maua yangu manne, taa ilikuwa inawaka.

"Kijani, mama," nilimwambia.

Akanitazama. Midomo yake ilivutika, akataka kucheka. Naapa alitaka kucheka. Hakuweza.

Mama Zuhura alisikia kelele zangu akaruka ukuta na mikono yake ya unga, akambeba mama miguuni, mimi mabegani, tukampatia bajaji. Hospitali walimwekea oksijeni. Walijitahidi, siwalaumu kwa lolote. Jua halijafika utosini, mama yangu alikuwa ameondoka.

Mkisikia mtu anasema alilia mpaka machozi yakakauka, ni uongo. Hayakauki.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu alivyonivua nguo hadharani.

Mnajua desturi ya msiba. Nyumba inatolewa vitu ili watu wapate pa kukaa. Wanawake wa mtaa waliingia sebuleni kwangu, Mama Zuhura mbele, wakatoa makochi, wakatoa meza, wakatandika mikeka. Na vitambaa vyote wakavivua, cha redio, cha friji, vya makochi, kofia ya jagi, maana nyumba ya msiba haipambwi. Walijaza beseni zima. Mimi nilikuwa nimelazwa chini, sioni mbele wala nyuma. Walipofika uani kuweka mafiga ya kupikia, Mama Zuhura akakiona cha kisanduku, akakivua nacho. Akakuta nailoni, akakata mpira, akaitupa kwenye beseni.

Tukamzika mama. Siku ya kuanua matanga, ikaingia pikipiki yenye matope.

Dada wa mazingira alivua kofia, akanipa pole, akaketi mkekani na wanawake. Alikuwa na aibu, nikaiona. Mwishoni akasema samahani kwa kuuliza jambo la kazi msibani. Kile kipimo kimeruka ghafla tangu Jumapili mchana. Walidhani ni kuni za kupikia msibani, lakini kimebaki juu, na asubuhi, wakati hakuna anayepika, ndipo kinazidi. Ni kibaya kuliko mitaa yote. Kuna kitu kimebadilika hapa nyumbani?

 Hata waliokuwa wanaosha sahani wakaacha.

Mama Zuhura alinyanyuka, akaenda kwenye beseni, akapekua. Akarudi ameshika kitambaa changu cheupe chenye maua manne mkono mmoja, mkono wa pili nailoni ya godoro, ndani yake safi kabisa, nje nyeusi tititi kama chungu. "Kilikuwa kimevaa hivi," alisema. "Mimi nilidhani ndiyo sare ya halmashauri."

Hakuna aliyecheka.

Dada alipokea ile nailoni akaigeuza, akaitazama. Akauliza nani. Nikasema mimi. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Mimi ndiye niliyekivalisha. Na nailoni alinipa shemeji Kastori, akaikaza kwa mikono yake.

Kastori alikuwa nje na wanaume. Wote walipomtazama, akakumbuka ana simu ya kupiga, akaondoka. Baadaye, kwenye kikao cha ukoo, alijitetea kwa sentensi moja tu. Alisema, "Nani alianza kukifunika, mimi au shemeji?" Na kibaya zaidi, hakusema uongo.

Agripina alikuwa ameketi karibu yangu wakati nikikiri. Alisikia yote, kijani, daktari, yote. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisogeza mkeka wake mbali nami. Alirudi Kisawasawa bila kuniaga, na simu zangu hapokei. Baba Yusta naye hakunipigia kelele. Jioni ile aliokota rimoti kwenye kona, akaitoa kwenye nailoni yake, akaiweka juu ya televisheni ikiwa wazi. Kisha akaenda kulala. Na mdogo wake hasalimiani naye mpaka leo.

Halmashauri haikuchelewa tena. Sasa ilikuwa na kipimo. Matanuru yote mawili yalihamishwa mbali, kule ambako hakuna nyumba, na wenye mashine wamekatazwa kuchoma vilima vya pumba katikati ya makazi. Mgambo wa kata wanapita kukagua. Kastori alipewa adhabu yake kwa sheria ndogo za halmashauri, akalia njaa, akahama na matanuru yake. Asubuhi za mtaa wetu siku hizi unamwona mbuzi. Watoto wa Mama Zuhura wameacha kukohoa. Mama yangu ndiye pekee ambaye hakuisubiri hewa hiyo.

Kisanduku walikihamisha, na ni haki. Kipo ukutani kwa Mama Zuhura, wazi, kimejaa masizi na mafuta ya vitumbua vyake, na kinafanya kazi kuliko kilivyowahi kufanya kwangu.

Wasomaji wenzangu, nimeandika aibu yangu hii mnicheke, lakini mkimaliza kucheka mnisikie. Wakikuletea kipimo, kiache kione. Taa nyekundu siyo kwamba umetukanwa. Ni jirani anayepiga kelele kwamba nyumba inaungua, nawe usimzibe mdomo kwa sababu anakuaibisha mbele za watu! Ukiwa kwenye mkutano na swali likakugusa tumboni, nyoosha mkono, hata liwe la kijinga, uchekwe upesi upone. Ndugu akikusifia upumbavu wako, tazama tanuru lake liko upande gani. Na mzazi wako akikuuliza kwa utani, mjibu kwa akili. Pengine ndiyo nguvu pekee aliyobaki nayo ya kukwambia.

Nilipofanya arobaini ya mama, Mama Zuhura alibaki baada ya wageni kuondoka. Alinikuta nakunja vile vitambaa vyote kuviweka kwenye sanduku, sivitandiki tena. Nilitaka kumshukuru kwa siku ile aliyoruka ukuta. Nilitaka pia, nadhani, aniambie kwamba halikuwa kosa langu, maana watu wote wapole walikuwa wananiambia hivyo. Nilimwuliza, jirani, hivi wewe unanionaje?

Alichukua kile cheupe chenye maua manne, akakitazama, akakirudisha mapajani mwangu.

"Mama Yusta, redio ulifunika, friji ulifunika, mpaka kipimo cha serikali ulikifunika. Mama yako ndiye uliyemwacha wazi."